Rangi ya chaki "haihitaji msasa wala praima"? Kopo nimelitumia miezi minane, ngoja niwaambie

Haya jamani, hii rivyu nilitaka niiandike ile wiki ya kwanza tu baada ya kufungua kopo nikajizuia, na bora nilijizuia, maana wiki ya kwanza ningewaambia mkimbie mkanunue, wiki ya tatu ningewaambia mkilikuta njiani mlipige teke, sasa hivi imefika miezi minane na vitu vyote vitatu nilivyopaka vinatumika kila siku ndani ya nyumba kwa hiyo angalau naongea kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Bidhaa yenyewe ni rangi ya chaki, kopo la lita moja, nyeupe ile iliyofifia kidogo, pamoja na kopo dogo la nta linalouzwa pembeni yake kama pacha wake. Kampuni siitaji, na hata ningeitaja isingewasaidia sana kwa sababu makopo ya namna hii yamejaa na nyuma yote yanaimba wimbo mmoja: paka juu ya kitu chochote, hakuna msasa, hakuna praima, yaani ile rangi ya chini inayotangulia. Kwa ambaye haijui, hii ni rangi ya maji iliyojazwa unga wa chaki au unga mwingine wa aina hiyo, mwingi kuliko rangi za kawaida, ndo maana ikikauka haing'ai hata kidogo, ukiipitishia kiganja unahisi kama ubao wa darasani. Aliyeanzisha habari yenyewe ni Annie Sloan wa Uingereza mwaka 1990 na jina la Chalk Paint ni alama yake ya biashara, hawa wengine wote wanalizungukazunguka tu hilo jina. Ya kwangu siyo ya kwake, ni ya hao wengine.

Nimepaka vitu vitatu. Kisanduku cha bibi cha mahogani cha kuwekea hereni na bangili, stuli ya mbao ya msonobari ambayo haijawahi kupakwa kitu tangu izaliwe, na kabati dogo la pembeni mwa kitanda lenye droo mbili, lile lenye vanishi ya zamani imekuwa rangi ya asali mpaka imechosha.

Naanza na kisanduku maana ndicho kilichonifundisha adabu.

Ni kidogo tu, urefu wake sentimita 25 hivi, kina bawaba mbili za shaba na kindoano mbele. Nikafuata maelekezo ya kopo kama yalivyo, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikachukua brashi nikapaka. Aisee mkono wa kwanza ulinishangaza, rangi nzito, inashika, haichuruziki, ndani ya saa moja imeshakauka, nikapiga mkono wa pili, nikakiweka juu ya gazeti nikakaa pembeni nakitazama kama mtu kazaliwa mtoto. Nikalala na furaha yangu. Asubuhi naamka nakuta kifuniko kina madoa ya pinki, si vumbi wala si uchafu, ni kama kuna mtu kaloweka nguo nyekundu halafu kaikamua juu yake, na madoa yamefuata mistari ya mbao kabisa. Nikasema labda rangi ilikuwa nyembamba, nikapiga mkono wa tatu. Yakarudi. Nikapiga wa nne, nao ukaingia yale yale, yamefifia kidogo ila yapo, na sasa rangi imekuwa nene mpaka kona za kisanduku zimevimba.

Nikampigia mjomba, yeye ni seremala wa miaka mingi, nikamtumia na picha. Akacheka kwanza, akacheka sana, halafu akaniambia, "Mjomba, hiyo mbao umeinywesha maji, sasa inakutapikia."

Kumbe mbao nyekundu kama mahogani zina tanini ndani, kitu kile kile kinachotumika kusindikia ngozi za wanyama viwandani, na tanini inayeyuka kwenye maji. Rangi ya chaki ni ya maji. Unapoipaka maji yanaingia kwenye mbao, yanaiamsha tanini, halafu yanapopanda juu kwenda kukauka yanaibeba na kuimwaga pale pale kwenye weupe wako. Kwa hiyo kila mkono mpya niliokuwa napiga kuyaficha madoa ndo nilikuwa nayaletea usafiri mwingine. Ningeweza kumaliza makopo matano kwa mtindo ule na bado nikaamka asubuhi nakuta pinki.

Dawa yake mjomba alinipa neno moja, shelaki. Hii ni kitu cha ajabu kidogo, inatokana na mdudu, anaitwa Kerria lacca, anaishi kwenye miti huko India na Thailand, anatoa utomvu mgumu kwenye matawi, watu wanaukwangua, wanausafisha, unakuja kuyeyushwa kwenye spiriti. Inaifungia tanini ndani, na inakauka haraka mno, yaani ukizembea na brashi unakuta imeshaanza kunata unapoipitisha mara ya pili. Akanisisitizia ninunue ile iliyotolewa nta, kwa sababu shelaki yenye nta yake ya asili rangi ya maji inaweza isiishike vizuri juu yake. Basi nikachukua msasa namba 150 nikazipunguza zile tabaka nne, na hapa niseme ukweli, hii rangi ukiipiga msasa inatoa vumbi kama umepasua mfuko wa chokaa, lilikuwa kwenye nyusi, kwenye simu, kwenye pazia, vaa barakoa na ufanyie nje. Nikafuta, nikapaka shelaki mikono miwili myembamba nikipishanisha kama saa moja, halafu ndo nikarudisha chaki mikono miwili. Miezi minane hii hakuna doa hata moja lililorudi.

Sasa mnaona? Kopo linasema hakuna praima, na mimi kitu kilichoniokoa ni praima kwa jina lingine. Kama mbao yako ni nyekundu au ina kahawia nzito usibishane nayo. Jaribu kitu kimoja rahisi, lowesha pamba kwa maji uifinye juu ya sehemu iliyofichika kwa dakika chache, chini ya kitako hivi, ikitoka na rangi ya chai ya rangi ujue shelaki ni lazima. Ila pamba ikitoka safi usijiamini sana, hasa kama juu kuna vanishi ya zamani inayozuia maji.

Kisanduku hakikuishia hapo, kilikuwa na kesi ya pili.

Nilipomaliza kila kitu nikangoja siku mbili, nikaweka vitu ndani, nikakifunga, nikakirudisha mezani. Baada ya kama wiki tatu nataka kutoa hereni, navuta kifuniko hakiji. Navuta tena. Kikatoa sauti ile ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, krrrr, na kipande cha rangi chenye urefu wa kidole changu kikabanduka kutoka mdomo wa kisanduku kikabaki kimening'inia kwenye kifuniko, mbao inaonekana kabisa. Nilikaa chini.

Hili ni kosa langu na pia ni kosa la maelekezo kwa sababu hawasemi. Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya maji ukiigusa baada ya saa moja ni kavu, haichafui kidole, lakini ndani bado laini na inaendelea kukaza taratibu kwa wiki kadhaa, mpaka siku 30 hivi. Katika kipindi hicho nyuso mbili zilizopakwa zikikandamizana zinashikana kama zimegundishwa, na kisanduku kazi yake ndo hiyo, kifuniko kinakandamiza mdomo masaa ishirini na manne. Siku hizi mdomo siupaki kabisa, naziba kwa tepu ya karatasi, naacha mbao tupu na shelaki yake tu, na kwa kweli inapendeza, ukifungua unaona ule ukanda wa mbao mwembamba kama pindo la nguo. Halafu kwa mwezi wa kwanza kifuniko nakifunga huku nimeweka njiti ya kiberiti kila kona ili kisigusane. Watu wanaingia wananiuliza hizo njiti za nini. Waulize tu.

Na jambo jingine dogo, toa bawaba. Najua skrubu zake ni kama punje za mchanga na bisibisi ya kawaida haiingii, lakini ukipaka kwa kuzunguka bawaba utaona, rangi inaingia kwenye kiungo chake, kifuniko kinakuwa kizito, na ile mistari ya brashi pembeni ya shaba inaonyesha kabisa kazi ya mtu mwenye haraka. Mimi nachukua kipande cha boksi nachora bawaba zilivyokaa halafu kila skrubu naichomeka pale pale ilipotoka, maana hata kama zinafanana kila moja imezoea tundu lake, ukizichanganya nyingine inakataa kukaza. Na rangi ina unene, usisahau, kila mkono unaongeza, kifuniko kilichokuwa kinaingia kwa kubana kidogo kabla hujapaka kitagoma ukishapaka mikono mitatu pande zote mbili.

Stuli sasa. Stuli ilikuwa rahisi na hapa kopo lilisema kweli kwa asilimia kubwa, mbao tupu, haina vanishi, rangi iliingia na kushika vizuri mno. Shida ni mbili. Ya kwanza, msonobari una yale macho ya matawi, mafundo ya kahawia, na hayo nayo yana utomvu unaopenya juu. Nilishajua sasa, nikayagusa na shelaki moja moja kabla ya rangi. Moja nililisahau, liko kwenye mguu wa nyuma, na mpaka leo lina kivuli cha manjano kama alama ya kuzaliwa. Ya pili ni kwamba mbao tupu ikipata maji nyuzi zake zinasimama, unapaka vizuri halafu ikikauka inakwaruza kama ulimi wa paka. Kwa hiyo ni vizuri kuilowesha kidogo kwa kitambaa kabla, uiache ikauke, upitishe msasa namba 220 mkono mwepesi uzikate hizo nyuzi, ndo upake. Msasa tena. Nimehesabu, kwenye bidhaa "isiyohitaji msasa" nimemaliza karatasi saba.

Kwenye kiti cha stuli ndo nta ilipofeli. Nilipaka nta kama walivyoandika, nikasugua ikang'aa ule mng'ao wa chini chini, mzuri kwa kweli, mzuri kuliko vanishi kwa kuutazama. Halafu mtu mmoja hapa ndani, simtaji, tunaishi naye, akaweka kikombe cha moto juu yake. Duara. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 64 tu, na kikombe kilichotoka kumiminiwa maji ya moto kinafika huko bila jasho, nta inalainika, inaingia unyevu, unabaki na alama. Hata bila kikombe, kiti ni kitu cha kukaliwa, suruali inasugua, jasho linasugua, baada ya miezi miwili pale katikati ilikuwa imeshakuwa na kijivu fulani hivi hakifutiki.

Nikasema sawa, nipige vanishi juu. Haipigiki! Nta ikishakaa hakuna kitu kinachoshika vizuri juu yake, si vanishi si rangi ya kawaida, ni lazima uitoe yote kwanza kwa tapentaini na vitambaa, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta, na bado unabaki na wasiwasi. Kwa hiyo chagueni mapema kabla hamjafungua hilo kopo la nta, kwa sababu ukiingia humo kutoka ni kazi. Mimi niliishia kukwangua kiti chote mpaka mbao, msasa 80, 120, halafu 180, na mjomba akanishauri nisikipake tena, nikiache na mafuta ya kitani, miguu ibaki nyeupe. Ndo ilivyo sasa na kila anayeingia anafikiri nilipanga hivyo tangu mwanzo, mi nanyamaza.

Ila kama mtafuata njia hiyo ya mafuta ya kitani nisikilizeni hapa kidogo, vile vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupia kwenye kona au kwenye pipa. Yale mafuta yanapokauka yanavuta hewa na yanatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjamana joto halina pa kutokea, linajikusanya mpaka kinawaka chenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Si hadithi, nyumba zinaungua kwa hilo. Tandaza kimoja kimoja nje vikauke mpaka viwe vigumu, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Mjomba hili ndo jambo pekee aliloniambia bila kucheka.

Kabati sitalisema sana maana ndilo lililoenda vizuri, nilishakuwa mjanja. Kwanza nilitaka kujua ile vanishi ya zamani ni nini, unachukua pamba yenye spiriti unaishikilia sehemu ya nyuma kwa dakika moja, ikianza kunata na kutoka ni shelaki ya zamani, isipofanya kitu chochote si shelaki. Yangu haikufanya kitu. Nikaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maji yalitoka kama ya kufulia soksi za shule, nikakausha, nikakwaruza juu juu kwa msasa namba 180 mpaka mng'ao ukafa tu, si kuitoa vanishi, kuuwa mng'ao. Hapa ndo wale watu wa "hakuna msasa" wanawapoteza wengi, wanafikiri msasa ni kuvua mbao nguo yote, hapana, ni kama kumkwaruza kidogo ili rangi ipate mahali pa kushikilia, dakika kumi zimeisha.

Kwa majaribio ubavu mmoja wa kabati, ule unaogusa ukuta, niliupaka bila msasa na bila kuosha, kama kopo linavyosema. Rangi ilipotandazwa ikajivuta, ikafanya vijicho vijicho vya duara kama mvua imenyesha kwenye vumbi, na kila kijicho katikati yake unaona vanishi. Hiyo ni silikoni ya zile polishi za kupuliza ambazo watu wanafutia samani miaka na miaka, inaingia inakaa, na rangi ya maji inaikimbia. Nilipoupaka shelaki juu vijicho vikaisha. Na pale palipokauka bila vijicho nilikwaruza na ukucha baada ya mwezi, ikabanduka kama ganda la vitunguu. Ubavu mwingine ulioshwa na kupigwa msasa nikakwaruza na ukucha ule ule, ukucha ndo ukaisha.

Droo pakeni uso wake tu. Pembeni na chini panaposuguana na mwili wa kabati acheni mbao, pitisheni nta pale kavu kavu, zitateleza kama zimewekewa magurudumu. Hapo ndo nta yao nimeipa heshima yake. Na kama droo zina ile harufu ya kabati la zamani, mkono mmoja wa shelaki ndani unaifungia humo humo, mimi harufu imeisha kabisa.

Nyuma ya kabati kulikuwa na kipande chenye rangi ya kijani ya zamani inayobanduka magamba, nikawa nishaanza kuipiga msasa mjomba akanisimamisha. Rangi za zamani nyingine zina madini ya risasi, Marekani kwenye rangi za majumbani waliipiga marufuku mwaka 1978 na sehemu nyingine ilichelewa zaidi ya hapo, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Kitu usichojua umri wake usikipige msasa mkavu. Kuna vipimo vya kupangusia vinauzwa, kama huna, bora uifunike kwa shelaki na rangi mpya kama haijabanduka sana, na kama imebanduka ilowesheni maji mnapokwangua, watoto wawe mbali, mabaki yote yafungwe kwenye mfuko. Mimi kile kipande cha nyuma nilikitoa kizima nikaweka plaiwudi mpya, nikaachana na mjadala.

Kwa upande wa kilichomo ndani ya kopo, rangi yenyewe kama rangi naisifu. Inafunika, mikono miwili inatosha kwa kitu cheusi kwenda cheupe ukishafanya ya chini vizuri. Haina harufu ya kuumiza kichwa, nimepakia sebuleni. Brashi unaosha na maji. Inakauka haraka, na hiyo ni baraka na balaa, ukiona umeacha mstari usirudi nyuma kuusahihisha, ngoja ikauke umalize na msasa namba 320, ukirudi unaichana. Ni nzito sana ikitoka kwenye kopo hasa ukishalifungua mara tatu nne, kwenye stuli nilikuwa naongeza maji kijiko kimoja kwenye bakuli dogo nakoroga, kisanduku ndo nilikipaka nzito kama ilivyo na mistari ya brashi inaonekana mpaka leo ukikiinamisha kwenye mwanga. Kuna wanaoipenda hiyo mistari, wanasema ndo ukale wenyewe. Mimi siipendi. Na usipakie kutoka kwenye kopo moja kwa moja, mimina kidogo pembeni, brashi ikirudi na vumbi la mbao humo ndani kopo zima linakuwa na mchanga.

Kuna ambao watauliza si unaweza kutengeneza mwenyewe, unaweza, rangi ya kawaida ya maji kikombe kimoja, unga wa plasta theluthi ya kikombe uliokorogwa kwanza na maji theluthi ya kikombe mpaka ulainike, unachanganya. Nilijaribu kwenye kipande cha mbao, inashika, ila plasta inaganda, nilienda kupokea simu niliporudi nina jiwe ndani ya bakuli. Tengeneza ya kutumia pale pale. Ukiangalia kwa karibu ya nyumbani ina vipunje, ya kopo laini zaidi.

Juu ya kabati, pale panapowekwa simu na glasi ya maji usiku, sikuweka nta, nimejifunza. Niliweka vanishi ya maji, ile isiyong'aa, mikono mitatu myembamba, katikati msasa namba 320 unapita kama unampapasa mtoto. Usitikise kopo la vanishi, koroga, ukitikisa unaingiza mapovu na yatakaukia humo. Na usije ukaweka vanishi ya mafuta juu ya rangi nyeupe, inaanza safi halafu inaelekea manjano, baada ya mwaka kabati lako jeupe linafanana na meno ya mvutaji. Kosa moja la vanishi ya maji ni kwamba inaua kidogo ule uchaki, ukipitisha kiganja unahisi plastiki kwa mbali. Nimekubali hasara hiyo. Glasi inakaa pale kila usiku na hakuna duara.

Nta nyuma yake imeandikwa paka kwa wingi. Msipake kwa wingi. Kiasi cha kucha ya kidole gumba kinatosha mfuniko wa kisanduku, unaisugua ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unasubiri dakika kumi, unafuta yote unayoona, kidole kikiteleza bila kunata umemaliza, kikinata bado kuna nyingi. Mimi mara ya kwanza niliijaza, kisanduku kikawa kinakamata vumbi na manyoya ya paka wiki mbili.

Nyota sasa. Rangi naipa nyota nne kati ya tano. Nta kwa visanduku, fremu na vitu vya kutazama nne, kwa kitu kinachokaliwa au kuwekewa vikombe moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya droo. Maandishi ya nyuma ya kopo hayapati kitu. Aliyeandika "hakuna msasa wala praima" angekuwa jirani ningempelekea kile kisanduku kikiwa na pinki zake nikamwachia mlangoni. Je, nitanunua tena? Nitanunua, lakini kopo dogo, la nusu lita, maana lita moja kwa vitu vidogo ni nyingi, kisanduku, stuli na kabati vyote pamoja na makosa yangu yote na bado robo imebaki. Na hela niliyookoa hapo naiongezea kwenye shelaki ambayo kwangu mimi ndo bidhaa ya kweli kwenye hii habari nzima, hakuna anayeiandikia rivyu.

Hiyo robo nimeimimina kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, nikaifunika na kipande cha nailoni juu ya uso wa rangi yenyewe kabla ya kufunga, isifanye ngozi. Bibi juzi alikuja, akakichukua kile kisanduku, akakifungua, akakifunga, akakifungua tena. Akapitisha kidole kwenye ule ukanda wa mbao niliouacha mdomoni. "Hapa rangi ilikuishia?" Nikamwambia hapana bibi, nimeacha makusudi. Akaniangalia. Akaitoa bangili yake moja mkononi akaiweka humo ndani.